Dakika Saba za Kupanda Mtaa wa Juu

Fuensanta muuza mkate hupiga honi mara tatu anapofika kituo cha mwisho cha Mtaa wa Juu, na sisi wanawake hutoka na vikapu vyetu. Alhamisi ile, siku tisa kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote, alipiga mara moja tu, kwa ufupi, kama mtu aliyeigusa honi bila kukusudia. Nilitoka. Nilimkuta amesimama nje ya gari, mlango ameuacha wazi, aproni ameivua na kuikunja mkononi.

"Casilda," akaniambia, "weka kikapu chini."

"Kuna nini? Mkate umeisha?"

"Weka chini kwanza, dada yangu."

Nikaweka. Akanishika mikono yote miwili, mikono yake ikiwa bado na unga.

"Eutimio yuko kona ya tano. Amekaa kwenye ukuta wa barabara. Nilidhani anapumzika, nikamwambia panda nikufikishe, mzee. Hakujibu."

"Amezimia?"

"Casilda, nimeshamfumba macho."

Nakumbuka kwamba nilifanya ishara ya msalaba, na nakumbuka kwamba niliokota kikapu tena, sijui kwa nini. Tulishuka mlima ndani ya gari la mkate, harufu ya mikate ya moto ikiwa mgongoni kwetu, hadi kona ya tano. Kaka yangu alikuwa ameegemea jiwe, uso umeelekea bahari, na mfuko wa duka la dawa uko mapajani, ameushika kwa mikono miwili kama abiria anayeogopa breki. Ndani mlikuwa na maboksi matano ya dawa. Juu ya kila moja aliandika jina kwa kalamu ya wino, kwa herufi zake kubwa za kuchongoka. Manne yalikuwa ya wazee wa Mtaa wa Juu. La tano lilikuwa langu.

Kwa miezi kumi nilikuwa nikichukua dawa zangu za presha kwa jirani yangu Obdulia, kona mbili chini yangu, nikidhani Fuensanta ndiye anayezipandisha pamoja na mkate. Sikuwahi kuuliza. Na kwa miezi kumi hiyo nilikuwa nikiamini kwamba kaka yangu hapandi tena mlima huu kwa sababu hataki kuniona uso.

Nataka kueleza kwa nini niliamini hivyo, maana kosa lilikuwa langu kabla halijawa la mwingine.

Eutimio aliendesha basi la Cala Retama kwa miaka thelathini na mitatu. Mji wetu ni mdogo na stesheni ya garimoshi iko mbali, ng'ambo ya mashamba ya malimau, kwa sababu waliojenga reli zamani walijali malimau kuliko watu. Kwa hiyo kila aliyefika mjini kwetu, awe askari anayerudi likizo, awe bibi harusi, awe mgeni wa kuota jua, alifika kwa mkono wa kaka yangu. Basi lilitoka stesheni, likapita mashambani, likaingia mjini kupitia uwanja wa kanisa, likageuka kwenye Msalaba wa Jiwe, likapanda kona kumi na moja hadi Mtaa wa Juu, likapita lango la makaburi, ndipo likashuka upande wa pili hadi ufukweni.

Pale stesheni alikuwa na swali lake moja kwa kila uso mgeni. "Unatafuta bahari au unatafuta mtu?" Aliyetafuta bahari alimwambia akae nyuma na mizigo yake. Aliyetafuta mtu alimkalisha karibu naye, akamuuliza jina la mtu huyo, na akamshusha mlangoni, kuwe na kituo kusiwe na kituo.

Wageni walilalamika. Kiangazi kimoja bwana mmoja wa Kijerumani, mwenye sanduku kubwa kama kabati, alisimama katikati ya kona ya saba akapiga kelele, "Bahari iko wapi? Tumekata tiketi ya baharini, mbona tunapanda mlima?"

"Iko palepale, bwana," Eutimio akamjibu bila kugeuka. "Mungu aliiweka siku ya tatu na haijahama. Huyu mama hapa ana mayai. Kaa chini."

Wazee wote wakacheka, na Obdulia, ambaye ndiye aliyekuwa na mayai, akampa Mjerumani limau moja ili anyamaze. Obdulia hana jino hata moja na hana breki ya mdomo.

Alipofika lango la makaburi Eutimio alipiga honi mara mbili. Mkewe, Amparo, amelala pale, kaburi la ukutani, safu ya tatu, alifariki akiwa na miaka arobaini bila kuacha mtoto. Wageni walidhani anawaonya mbuzi. Kabla ya lango hilo alisimama kituo cha mwisho, mlangoni kwangu, na kwa dakika kumi za mapumziko alikunywa kahawa yangu akiwa amekaa kwenye benchi la kituo, mguu mmoja ameunyoosha. Tulisemezana mambo madogo. Kahawa yako leo ni chai. Usukani wako umekunyonya mabega. Padre amehubiri nini? Amehubiri juu ya watu wanaopiga honi makaburini. Ndivyo tulivyopendana.

Rafiki yake alikuwa Lisardo. Walizaliwa mtaa mmoja, wakabatizwa Jumapili moja kwa maji yaleyale, na Lisardo ndiye aliyesimama kando yake siku ya ndoa. Kwa miaka thelathini na minane walibeba sanamu ya Bikira Maria wa Karmeli pamoja katika maandamano ya Julai, chini ya boriti ya kushoto, Lisardo nafasi ya tatu na Eutimio nafasi ya nne. Kwetu nafasi chini ya boriti ni kama jina la ukoo: hukupa baba yako, nawe hubadilishi. Eutimio alisema analijua kovu la shingoni mwa Lisardo kuliko mke wa Lisardo anavyolijua. Baadaye Lisardo akawa mkuu wa chama cha Bikira, na baadaye tena akawa diwani wa mambo ya utalii na usafiri. Tulifurahi. Tulisema, sasa barabara ya mlima itazibwa mashimo.

Jumapili ya kwanza ya Julai, mwaka uliotangulia kifo chake, baada ya Misa, tuliingia sakristia kama kila mwaka kuandikisha majina ya wabeba mishumaa wa maandamano. Karatasi huwa juu ya meza ya mavazi, na kalamu imefungwa uzi. Mtu hutoka kupokea komunyo, anaingia, anasaini, anatoka. Hakuna anayesoma. Nani asome orodha ambayo mama yake aliisaini, na bibi yake aliweka alama ya kidole? Lisardo alikuwa amesimama pale, akitabasamu, amevaa medali ya chama.

"Na hapa pia, Casilda," akaniambia, akiinua ukurasa wa kwanza na kunionyesha mstari kwenye wa pili.

"Mwaka huu mara mbili?"

"Mambo ya halmashauri, unawajua. Karatasi juu ya karatasi."

Nikasaini. Nilikuwa na Bwana Yesu mdomoni bado, na nikasaini.

Ukurasa wa pili ulikuwa ombi la wakazi. Uliomba halmashauri iondoe basi katika barabara ya mlima ili liende moja kwa moja kutoka stesheni hadi ufukweni, kwa manufaa ya wageni na maendeleo ya mji. Tulisaini watu arobaini na watatu. Kumi na wanne kati yetu tulikuwa wa Mtaa wa Juu.

Kikao kilikuwa Septemba. Eutimio alikwenda na kofia yake mkononi, akakaa safu ya nyuma, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba Lisardo yuko upande wake. Sikuwepo, lakini nimesimuliwa na watu wengi, na wote wanasimulia sawasawa. Lisardo alisimama akasema kwamba wazee wa juu hawataumia, kwamba kutoka Msalaba wa Jiwe hadi kituo cha mwisho kwa miguu ni dakika saba tu. "Nimepima mwenyewe," alisema. Kisha akasoma majina ya waliosaini, moja moja, na alipofika kwenye langu alilisoma na la ukoo, na vichwa vyote vikageuka nyuma kumtazama Eutimio.

Obdulia alipopata habari alisema, "Alipima akishuka, mbwa yule! Na mimi nikishuka kwa matako ni dakika nne!" Ni yeye peke yake aliyeweza kutuchekesha mwezi ule.

Siku iliyofuata Eutimio alikula kwangu dengu. Alikula sahani nzima, akapangusa mchuzi kwa mkate, ndipo akaniuliza, "Ulisoma?"

"Nilisoma nini?"

"Ulichosaini."

Nikajua kutokana na uso wake kwamba ni jambo zito, naye akanieleza. Nililia. Nilimwambia ilikuwa sakristia, ilikuwa ni Lisardo, ilikuwa baada ya komunyo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia," akavaa kofia, akaenda kuwasha basi. Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Nimsimulie nani? Nilikwenda kuungama, na Padre akaniambia si dhambi kusaini usichokijua. Niliondoka bila faraja. Nilitaka iwe dhambi, kwa kuwa dhambi huondolewa.

Basi lilipanda kwetu mara ya mwisho siku ya mwisho ya mwaka. Wazee walilijaza wakashuka nalo hadi ufukweni na kurudi, bila shughuli yoyote. Eutimio alipiga honi mbili makaburini kama kawaida. Alikunywa kahawa kwangu amesimama. Tangu siku hiyo hakuonekana tena mlangoni kwangu.

Mimi nilishuka kumtafuta. Nilimkuta stesheni, nilimkuta nyumbani kwake nyuma ya soko la samaki, tulisalimiana, aliniuliza presha, nilimuuliza magoti. Nilimwambia, "Panda Alhamisi, nitapika wali wa ngisi." Akasema, "Tutaona, Casilda." Hakupanda. Nikahesabu Alhamisi moja, ya pili, ya kumi, nikaelewa ninavyoelewa mimi. Nikaacha kumwalika.

Kiangazi walimtoa kwenye basi wakampa kile kigari cha watalii chenye umbo la garimoshi, kinachozunguka kutoka ufukweni hadi mnarani na kurudi ufukweni. Walimvalisha kofia ya baharia yenye riboni. Mtu wa miaka sitini na mitatu, aliyeleta mjini kila jeneza na kila bibi harusi, alikuwa akivuta kamba ya kengele ili watoto wa wageni wapige makofi. Fuensanta alimuuliza sasa huwauliza nini abiria. Akasema, "Hakuna cha kuuliza. Hawa wote wanatafuta bahari, na iko pale, wanaiona."

Na Julai alibeba Bikira, nafasi yake ya nne, nyuma ya Lisardo. Watu walimwambia asibebe mwaka huo, au abadilishe boriti. Akawajibu, "Simbebi Lisardo." Nilitembea na mshumaa wangu pembeni, nikawaona. Kwa saa tatu kaka yangu aliitazama ile shingo. Walipomfikisha Bikira majini, wabebaji wote walikumbatiana kama desturi inavyotaka, na Lisardo akafungua mikono, na Eutimio akaingia mikononi mwake kwa sababu Bikira alikuwa anatazama. Nilimsikia Lisardo akisema, "Unaona, Eutimio? Hakuna aliyekufa." Kaka yangu akamjibu, "Bado."

Oktoba alikwenda halmashauri kuomba jambo moja. Aliomba basi lipande mlima siku moja tu, Watakatifu Wote, ili wajane wapandishe maua makaburini, na aliendeshe yeye mwenyewe. Lisardo akamwambia wataona. Wiki mbili baadaye jibu likatoka: ratiba ni ratiba.

Hayo ndiyo maisha yake, kwa kadiri ninavyoweza kuyaandika. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema kweli. Ila nami nilikuwa nguo hiyo.

Alhamisi ile tulimlaza katika nyumba ya matanga iliyo kando ya barabara ya stesheni, nyuma ya kioo kama tunavyowalaza wafu kwetu, na maua pande mbili. Tulisali rozari. Watu wa chini walikuja wote. Wa juu hawakuweza. Alasiri Lisardo aliingia, amevaa suti nyeusi na medali ya chama, macho yamemvimba. Sitasema uongo mbele ya Mungu: alikuwa amelia kweli. Akanikumbatia nikabaki kama ubao.

"Casilda, nimepoteza ndugu."

"Hukumpoteza. Ulimweka mwenyewe kona ya tano."

Akaniachia. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wabebaji wako tayari, watambeba kwa desturi yetu. Desturi ni hii: mbebaji wa Bikira akifa, wenzake wa boriti humbeba, kila mtu nafasi yake, na nafasi ya marehemu huachwa wazi. Aliye mbele ya nafasi hiyo na aliye nyuma yake huubeba uzito wa asiyekuwepo. Nyuma ya nafasi ya nne hakuna mtu, kwa hiyo uzito wa kaka yangu ungemwangukia Lisardo.

"Tutamtoa kanisani hadi Msalaba wa Jiwe," akasema, "halafu gari litampandisha makaburini. Nimeshaagiza gari. Nimeagiza pia basi lifuate, kwa ajili ya watu."

"Basi?"

"Kwa kesho tu."

"Umeipata wapi ruhusa?"

"Casilda, mimi ndiye ninayetoa ruhusa."

Nadhani hakusikia alichosema. Mimi nilikisikia. Nilimtazama kaka yangu nyuma ya kioo, mikono yake ambayo sasa haikushika chochote, nikamwambia Lisardo, "Sitaki gari wala basi. Mtambeba hadi juu."

"Hadi makaburini? Kona zote kumi na moja? Casilda, sisi si vijana."

"Ni dakika saba tu, Lisardo. Ulipima mwenyewe."

Fuensanta, aliyekaa kando yangu, alishika rozari yake kwa nguvu hadi ikalia. Nami sikusema hilo kwa roho ya sala. Niliungama Jumamosi, na safari hii Padre hakuniambia kwamba si dhambi.

Misa ilikuwa Ijumaa, saa kumi alasiri. Padre alisema kwamba Eutimio aliwafikisha watu, na hakuongeza sana. Walimbeba kutoka kanisani wanaume saba, wanne boriti ya kulia na watatu ya kushoto, na pale kushoto, nafasi ya nyuma kabisa, palikuwa wazi. Mbele ya uwazi huo alikuwa Lisardo. Hapakuwa na wa nyuma wa kumsaidia.

Kwenye Msalaba wa Jiwe gari jeusi lilikuwa limesimama. Dereva alifungua mlango wa nyuma. Lisardo alilitazama gari, akanitazama mimi, akainamisha kichwa, na wakageukia mlima.

Kona ya kwanza walikwenda vizuri. Kona ya pili walianza kusikika pumzi. Kona ya tatu waliweka jeneza kwenye ukuta, wakapeana leso kufuta jasho, na kijana mmoja wa chama akamwambia Lisardo, "Mzee, nipishe." Lisardo akasema, "Ondoka." Kona ya tano tulisimama bila kuambiwa. Pale ukutani mtu alikuwa ameweka kikombe chenye ua moja la limau. Tulisali Baba Yetu tukaendelea. Baada ya hapo sikutazama jeneza tena. Nilitazama shingo ya Lisardo, na kovu lake, na jinsi ilivyokuwa nyekundu, na nikajua kaka yangu alikuwa akitazama nini mwezi wa Julai. Nilidhani itanifurahisha.

Ilipita zaidi ya robo tatu ya saa ndipo tukafika kituo cha mwisho.

Wazee wa Mtaa wa Juu walikuwa wamekaa kwenye benchi la kituo na kwenye viti walivyotoa nyumbani, wote wamevaa nguo za Misa, mikoba mapajani, kama watu wanaosubiri basi la saa kumi na moja. Obdulia alisimama, akanyoosha mkono, na wabebaji wakasimama kama alivyokuwa akisimama Eutimio.

"Mwekeni hapa," akasema. "Hapa hupumzika dakika kumi. Mnajua sheria ya kazi."

Wazee wakaondoka kwenye benchi na jeneza likawekwa juu yake. Lisardo aliegemea nguzo ya kituo, shati limemganda mgongoni. Obdulia alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Vipi, diwani? Dakika saba?"

Lisardo alijifuta uso kwa leso. Alikuwa analia, au lilikuwa jasho.

Obdulia akanigeukia. "Nawe mbona una uso wa mshtakiwa? Tangu jana unatembea kama umemuua wewe."

Nikamwambia mbele ya watu wote, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kuficha. Nilimwambia kwamba nilisaini, na kwamba kaka yangu hakupanda kwangu tena kwa sababu hiyo.

"Nani kakwambia?"

"Hakupanda, Obdulia. Miezi kumi."

"Alipanda kila Alhamisi hadi kwangu, kona ya tisa, na dawa zenu. Akifika anakaa jikoni nusu saa anatafuta pumzi, midomo imekuwa rangi ya bilinganya. Nikamwambia, bado kona mbili, nenda kwa dada yako. Akaniambia, Casilda asinione hivi, atanipeleka kwa daktari kwanza, halafu atanisalia novena, na sijui kipi kitaniua mapema. Akaniapisha nisiseme. Nami mjinga nikanyamaza."

"Na ile saini?"

"Ile saini!" Obdulia akapiga paja. "Aliicheka! Alisema, dada yangu ukimwekea juu ya meza ya sakristia hati ya kuuza nyumba yake, atasaini, kisha atauliza kama kalamu airudishe."

Wazee wakacheka, kwa sababu ni kweli, na nikacheka nami, na kicheko kilinitoka pamoja na kilio hata sikujua kipi ni kipi. Kaka yangu alikuwa amenisamehe muda mrefu, jikoni kwa mtu mwingine, na hakuna aliyenipa habari.

Lisardo alisikia yote. Hakuna aliyesema kwamba Eutimio alimcheka na yeye, au alimsamehe na yeye. Alingoja kidogo, nafikiri alitumaini Obdulia ataongeza neno. Obdulia akakaa.

Dakika kumi zilipokwisha walimwinua tena. Wazee walitufuata hadi lango la makaburi, hapo ni tambarare, wanaweza. Langoni Fuensanta, aliyekuwa ametangulia na gari la mkate, alipiga honi mara mbili.

Kaburi la Amparo ni safu ya tatu, na la Eutimio liko kando yake, alilinunua siku alipomzika. Mwashi alikuwa tayari na ngazi, sinia la saruji na matofali sita. Wabebaji walisukuma jeneza ndani, miguu kwanza. Padre alinyunyiza maji ya baraka akasema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana," tukaitikia, "Na mwanga wa milele umwangazie." Mwashi aliweka tofali la kwanza, la pili, hadi la sita, akasawazisha saruji kwa mwiko, na kwa ncha ya mwiko akaandika herufi mbili na tarehe, maana jiwe la jina huchukua wiki tatu. Niliweka kiganja changu kwenye saruji, ilikuwa baridi na mbichi. Niliomba apumzike. Niliomba pia nipewe moyo wa kumsamehe Lisardo, na sikupewa siku ile.

Watu walinipa mkono mmoja mmoja. Lisardo alikuwa wa mwisho. Nilimpa mkono. Kisha wazee wakarudi majumbani mwao, na wa chini wakashuka kwa miguu.